Kitanda cha Mabeli

Nyumba ya wazee anakofanya kazi binti yangu Rehema, huku Great Barr, Uingereza, inanuka dawa ya kusafishia sakafu, ile kali inayopanda puani na kukaa humo mpaka jioni. Wageni wengine huziba pua. Mimi, siku ya kwanza niliyomfuata Rehema pale, nilisimama kwenye ukumbi mrefu nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, kwa sababu harufu hiyo ndiyo niliyolelewa nayo. Halafu nikaanza kusoma milango. Kusoma kwangu ni kwa kidole, maana shule niliishia darasa la tatu, lakini majina nayaweza. Kila mlango una jina la bibi anayelala ndani. Dorothy. Phyllis. Hilda. Mlango wa nne, Mabel. Rehema akanikuta nimeshika ukuta. "Mama, vipi, presha?" Nikamwambia si presha, hawa wote nawajua. Akacheka, akadhani uzee umeanza kunichezea. "Utawajua wapi, Mama, nawe hapa umekuja uzeeni?" Nikamwambia tutaongea nyumbani, kwa sababu pale ukumbini wazee walikuwa wanapita na vigari vyao vya kutembelea, na hayo si maneno ya kusemea njiani.

Nilikulia katika nyumba ya yatima ya masista, kwenye vilima vya nyuma ya Tanga, miaka ile Waingereza walipokuwa bado hawajaondoka. Masista wenyewe hawakuwa Wazungu. Walikuwa Wahindi, watu wa pwani ya kusini ya India, weusi wa kung'aa, wanaozungumza Kiswahili cha kukatakata na kupika mchuzi wa dengu uliotuchoma ndimi mpaka tukazoea. Bweni letu lilikuwa moja, refu, lenye sakafu ya saruji iliyopigwa dawa kila asubuhi, na vitanda ishirini na vinne vya chuma, kumi na viwili huku na kumi na viwili kule. Juu ya kila kitanda palikuwa na kibao cheusi chenye herufi nyeupe. Kitanda cha Doroti. Kitanda cha Filis. Kitanda cha Edita. Majina hayo yalitoka Ulaya. Kikundi cha wanawake wa kanisa fulani Uingereza kiliandika barua kwamba sisi tumekichukua kitanda kimoja, tutakilipia, mtoto atakayelala hapo mumwite fulani, nasi tutamwombea kila siku. Basi mtoto akiletwa, ananyolewa nywele, anaogeshwa, anavishwa gauni la kaniki, anaonyeshwa kitanda kilicho wazi, na kuanzia saa hiyo yeye ndiye lile jina la kibaoni. Mimi nilifika nikiwa Chausiku, na kitanda kilichokuwa wazi siku ile kilikuwa cha Winifrida. Ndilo jina lililo kwenye pasipoti yangu mpaka leo.

Desturi hiyo masista hawakuibuni kwetu, waliibeba kutoka kwao. Mkuu wa nyumba, Sista Filomena, naye alikuwa mtoto wa nyumba ya yatima kule India, na mchana, tulipokaa barazani kufuma lesi, alitusimulia. Alisema kulikuwa na njaa kubwa, watu wakawa wanatembea kuelekea popote panaposikika kengele. Mama yake alimkalisha kwenye ngazi za nyumba ya masista, akamwambia nisubiri hapa, naenda kukutafutia maji. "Na mpaka leo nasubiri maji," alisema Sista Filomena, akacheka, nasi tukacheka kwa kuwa yeye amecheka. Alisema nyumba ile ilijaa mpaka watoto wakalala miguu kwa vichwa, na kila juma walizikwa wengine. Waliobaki walifunzwa lesi na sala. Wakikua, wavulana waliletwa kutoka nyumba ya mapadri, wakapangwa mstari, na wasichana mstari, wakaozwa siku hiyohiyo, na asiyechaguliwa akawa sista. "Wewe ulikosa mchumba, Sista?" Hilda aliuliza, Hilda mwenye mdomo mrefu, ambaye kwao aliitwa Mkunde. "Nilikuwa na surua siku hiyo," akajibu, na tukacheka tena.

Huko ndiko walikoanza mambo ya vitanda. Na huko ndiko walikoamua kwamba mtoto akifa, jina halizikwi naye. Sista Filomena alitueleza bila kuficha, kama mtu anavyoeleza namna ya kuwasha jiko. Alisema kule Ulaya kuna mama anayepiga magoti kila jioni kuliombea jina la Mabeli. Ukimwandikia kwamba Mabeli kafa, ataacha, na yale maombi yatakosa pa kwenda. Usipomwandikia, akaletwa mtoto mwingine akalala pale akaitwa Mabeli, maombi yanaendelea. "Ni kama maji ya bomba," alisema. "Ndoo ikiondoka, weka ndoo nyingine." Kwa hiyo katika daftari la nyumba waliandika majina ya vitanda tu. Majina tuliyokuja nayo hayakuandikwa popote. Naamini hawakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo ninapochoka, maana ningempata mtu mbaya wa kumlaumu ningepumua.

Yasiyoandikwa niliyashika mimi. Sijui kwa nini. Kila mtoto alipoletwa, kabla hajapelekwa kunyolewa, nilimnyatia nikamuuliza, "Kwenu unaitwa nani?" Filis alikuwa Mwanaidi. Doroti alikuwa Mwanjaa. Edita alikuwa Tabu. Agnesi alikuwa Mwanjaa pia, wa pili, na alikuwa na kovu kwenye nyusi. Wenzangu wakaniita Daftari. "Daftari, hebu tuambie, mimi nani vile?" walinitania wakati wa kuosha masufuria, nami nikawataja mmoja mmoja, na wengine walicheka kama wanatajiwa majina ya watu wengine. Masista walijua mchezo huo, wakauacha, hauna madhara.

Mabeli wa kwanza niliyemjua alikuwa Riziki. Alikufa kwa surua, akazikwa nyuma ya nyumba, kwenye safu ya misalaba midogo ya mbao, na msalaba wake ukaandikwa Mabeli. Siku chache baadaye alikuja mtumishi wa baraza la wilaya na mtoto begani, wa miaka mitatu hivi, amelala, mate yanamtiririka. Mtumishi akasema huyu ni Mwanahawa binti Saidi, mama yake kafa kwa uzazi, baba yake alikwenda kwenye mashamba ya mkonge hajarudi, na bibi yake yuko hospitali na mguu unaooza, hajulikani kama atapona. Kitanda kilichokuwa wazi ni kimoja tu. Nyumbani mwetu kila msichana aliyefika miaka minane alipewa mtoto mdogo wa kumlea, kumwogesha, kumlisha, kulala naye akiogopa. Huyo walinipa mimi. Mwezi mzima wa kwanza nikimwita Mabeli hageuki. Nikimwita Mwanahawa kwa sauti ya chini anageuka. Halafu siku moja nikamwita Mabeli akageuka, nikafurahi sana, nikakimbia kumwambia Sista Filomena. Sikujua nilikuwa nafurahia nini.

Alikuwa mtoto wa kushika gauni. Kokote niendako yeye yuko nyuma, amekunja kitambaa cha gauni langu kwenye ngumi. Alipenda ukoko wa ugali kuliko ugali wenyewe. Aliogopa kuku, kuku wa kawaida kabisa, akimwona anapanda mgongoni kwangu. Mimi tangu nifike pale hakuna mtu aliyewahi kuja kuniuliza. Wenzangu wengine Jumamosi walikuwa na mjomba, na shangazi, na mtu wa kuleta muhogo wa kuchemsha. Mimi nilikuwa na Mabeli. Sitaki mtu adhani najitetea, nataka ijulikane tu kwamba nilikuwa naye huyo peke yake.

Miaka mitatu ikapita. Sista Filomena akaugua kifua, akarudishwa India, akaja Sista Klara, kijana, mpole, hajui Kiswahili vizuri, hajui ya nyuma. Jumamosi moja asubuhi, tunaanua nguo, akaja bibi mmoja anachechemea, kilemba cha kanga, kifurushi kwapani, vumbi mpaka magotini. Akapiga hodi barazani. Mimi nilikuwa hatua chache na kapu la shuka, na Mabeli ameshika gauni langu kama kawaida.

"Nimemfuata mjukuu wangu," bibi akasema. "Mimi Mwantumu binti Juma, natoka upande wa Handeni. Niliumwa, wakamleta huku. Nimezunguka nyumba mbili nyingine kabla ya hii."

Sista Klara akamkalisha, akafungua daftari. "Jina la mtoto, mama?"

"Mwanahawa. Mwanahawa binti Saidi."

Kidole cha Sista kikashuka ukurasa mzima, kikageuza, kikashuka mwingine. Akatikisa kichwa. Yule bibi akasimama, akatutazama sisi watoto wote uwanjani, vichwa vipara, magauni ya kaniki, ishirini na wanne tunafanana kama maharage. Mtoto aliyemwacha alikuwa wa kubebwa. Akaita kwa sauti yake yote, "Mwanahawa! Mwanahawa, mama!" Hakuna aliyegeuka. Mabeli aliyekuwa kiunoni kwangu alimtazama tu, kama anavyotazamwa mtu anayeuza samaki.

Sista Klara akaniona. "Winifrida, njoo. Wenzako wanakuita Daftari, sivyo? Tunaye Mwanahawa?"

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijua, kama ninavyojua sasa, kwamba nikisema ndiyo, kile kifurushi kitafunguliwa, mtoto atavishwa kilichomo, na usiku ule kitandani kwa Mabeli hatakuwepo mtu. Nikafikiri pia, na hili sijawahi kulisema, kwa nini yeye aje kufuatwa na mimi nisifuatwe. Yote hayo yalipita kwa muda wa kuhamisha kapu kutoka mkono huu kwenda huu.

"Alikufa, Sista," nikasema. "Kwa surua."

Sista akafanya ishara ya msalaba. Bibi Mwantumu hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuonyeshwa alipolala, na Sista akaniambia nimpeleke. Tukaenda sisi watatu, mimi mbele, yeye anachechemea, na Mabeli nyuma amenishika. Nikamwonyesha kaburi la Riziki. Yule bibi, asiyejua kusoma, akatazama msalaba, naona ulimchoma, lakini alikaa chini, akanyoosha mguu wake mbovu, akafungua viganja akasoma Fatiha. Alipomaliza akanigeukia. "Ulimjua, mwanangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Alikuwa akisema sana?"

Nikamwambia ukweli. Ndiyo, kila nililosema baada ya hapo lilikuwa la kweli. Nikamwambia alikuwa akisema sana, na akipenda ukoko, na akiogopa kuku mpaka anapanda watu migongoni. Bibi Mwantumu akacheka huku machozi yanashuka. "Mama yake vivyo hivyo," akasema. "Mama yake alimkimbia jogoo akaangukia kisimani."

"Hata mimi naogopa kuku," akasema Mabeli.

Bibi akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka vidoleni, na mimi nina hakika mwili wake ulijua, ila masikio yake yalikuwa yameshaambiwa na mtu wa nyumba ile. "Na wewe unaitwa nani, mama?"

"Mabeli."

"Mabeli," akarudia, likamshinda ulimini. Akafungua kifurushi. Kulikuwa na karanga za kuchemsha na kigauni cha maua mekundu, kimeshonwa kwa mkono, kwa kukisia. "Chukua wewe. Mwenyewe hayupo." Akampima begani, kikamkaa sawasawa. Nilikuwa na maneno matatu tu kinywani, bibi, huyu hapa, nikayashikilia kwa meno. Tukamsindikiza mpaka barabarani. Mabeli alimpungia mkono, kwa sababu alipenda kupungia watu mkono.

Nilijiambia nitasema kesho. Halafu nitasema Sista Klara akijua Kiswahili zaidi. Halafu Mabeli akikua. Kigauni alikivaa mpaka kikafika tumboni. Alipofika miaka kumi na minne masista walipunguka, na nyumba mama kule India ikaomba wasichana wenye moyo wa kuwa masista. Yeye alijitolea, kwa furaha kabisa. Mimi nilikuwa bado pale, mfua nguo. Asubuhi ya kuondoka kwake lori lilikuwa linanguruma, nami nimemfungia kisanduku chake kwa kamba, na nilimwita pembeni nimwambie. Akanitangulia. "Dada Wini, usilie. Mimi sina mtu duniani ila wewe, na wewe nitakuandikia." Ningemwambiaje baada ya hapo? Barua ilikuja moja. Alisema lesi yao ni nzuri kuliko yetu, na kwamba akila kiapo atapewa jina jipya la kitawa, atanijulisha. Nyumba yetu ilifungwa mwaka huohuo, watoto wakagawanywa, mimi nikaolewa nikahama. Kama aliandika tena, barua ilifika kwenye mlango uliopigiliwa misumari.

Nilipokuwa na Rehema tumboni nilikwenda Handeni. Nilitaka angalau yule bibi ajue. Majirani walinionyesha nyumba imeanguka. Bibi Mwantumu amekufa, walisema, na kila mwaka mpaka alipokufa alisoma hitima ya mjukuu wake Mwanahawa, akapika wali, akawaita watoto wa jirani wakala. Mama mmoja akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema mpita njia.

Baada ya siku ile ya milango nilimweleza Rehema yote, jikoni kwake hapa Erdington. Hakunilaumu. Alikaa na simu yake siku nyingi, akapata anwani ya masista kule India, akaandika kwa Kiingereza chake kizuri. Walijibu kwa upole. Walisema nyumba ya yatima haipo tena, sasa ni shule, na madaftari ya zamani wanayo. Lakini masista wameandikwa kwa majina ya kitawa peke yake, na walikuwa wengi waliotoka mbali. Je, tunalijua jina alilopewa? Rehema akanisomea mara mbili. Ninayo Mwanahawa binti Saidi, ninayo Mabeli, ninayo majina ya wote ishirini na wanne, na waliowatangulia, na mama zao baadhi. La tatu la mtoto wangu, lile la kitawa, sinalo. Kama yu hai ni mzee sasa, na watu wanamwita kwa neno nisilolijua. Kama amekufa, liko kwenye jiwe, na hata nikisimama mbele yake sitajua ni yeye.

Alasiri za hapa mimi ndiye ninayemchukua mjukuu wangu Neema shule. Ana miaka sita. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza. Wiki ya kwanza Rehema alisahau kuniandikisha kwenye orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Nilisimama getini kwenye manyunyu, pamoja na mama wa Kikongo tunayesali naye na akina mama wa Kisomali wenye vigari vya watoto, na mwalimu akanikatalia. Binti mdogo, nywele nyekundu. Neema ananiona, analia kwamba ni bibi yangu, na mwalimu anatikisa kichwa, anampigia mama yake kazini. Mama wa Kikongo alikasirika kwa niaba yangu. "Mais, lakini huyu si ni bibi yake! Mtoto mwenyewe anasema!" Rehema naye alifoka kwenye simu, akasema wanamdhalilisha mama yake. Mimi sikukasirika. Nilimtazama yule mwalimu alivyomshika Neema bega, asimwachie mpaka ajue kwa hakika huyu ni wa nani, nikatamani kumbusu mikono. Nchi hii ina baridi yake na upweke wake, na wazee wanaofungiwa kwenye vyumba. Lakini mtoto wa hapa ana jina lake kwenye koti, kwenye begi, kwenye kompyuta, na hakuna anayeweza kumficha kwa neno moja.

Sasa nimeandikishwa. Kila siku saa tisa na robo mwalimu hufungua mlango, hutafuta uso wangu kati ya nyuso, huita Neema, na Neema hukimbia. Wenzangu huona ni jambo la kila siku. Mimi kila siku namwona Bibi Mwantumu pale barazani, na vumbi lake. Alifanya yote yanayotakiwa. Alitembea, alifika nyumba yenyewe, aliita jina lililo sahihi, na aliyeulizwa ni mtu anayelijua, mimi.